Mlisema dawa imefika, nikaifuata, haipo

Newala, Mtwara
24 Januari 2025

Meneja, Huduma kwa Wateja,
Makao Makuu ya Kampuni,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: DAWA YA KIFAFA NILIYOLIPIA NA SIJAPEWA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mwanangu ana miaka 15. Anatumia kabamazepini ya miligramu 200, kidonge kimoja asubuhi na kimoja usiku, huu mwaka wa nne. Kliniki wakiwa nayo tunapewa palepale. Wakikosa wanatuandikia cheti tukanunue, na tangu Oktoba wamekuwa wakikosa. Hela ya korosho ilipoingia nikaona niweke akiba ya dawa kabla haijaishia kwenye sare na mabati. Tarehe 9 Desemba nilifika duka lenu la Mtwara mjini na cheti mkononi, nikalipia vidonge 180 vya miezi mitatu, shilingi 150 kila kimoja, jumla 27,000. Nikaambiwa mzigo uko njiani, nitatumiwa ujumbe.

Ujumbe ulikuja tarehe 6 Januari: dawa yako imefika, karibu uichukue. Tarehe 8 nikafunga cherehani yangu, nikapanda basi la alfajiri la kupitia Tandahimba. Pale kaunta binti aliangalia kompyuta, akaenda nyuma, akarudi mikono mitupu. "Mama, mfumo unasoma boksi tatu, ila kwenye rafu hakuna." Nikamwuliza, sasa nani kanitumia ujumbe? Akasema ujumbe unajituma wenyewe.

Yule binti sina ugomvi naye, alikuwa na aibu hata kunitazama. Aliyenishangaza ni kijana mwenzake, aliyenitolea fenobabitoni akaniambia nichukue hiyo, "nayo ni ya kifafa." Ni ya kifafa kweli, lakini siyo iliyoandikwa kwenye cheti. Daktari wetu alishatuonya kwamba dawa ya kifafa haibadilishwi kwa siku moja: moja hupunguzwa taratibu huku nyingine ikipandishwa, na yeye anasimamia. Mtu anayekaa nyuma ya kaunta ya dawa hilo ningetegemea alijue kuliko mimi fundi cherehani.

Nilizunguka mji mpaka saa tisa. Duka moja lilikuwa na vidonge 20, kwa shilingi 300 kimoja. Siku kumi hizo.

Tangu hapo nimepiga namba yenu mara sita. Mara nne hakupokea mtu. Mara ya tano nikaambiwa tatizo ni barabara. Ndugu Meneja, barabara tunaijua sisi. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipoikata kule Somanga, hakuna aliyelaumu duka lolote, tulijua mizigo imekwama. Mwezi huu mabasi ya Dar yanaingia Mtwara kila siku, na bia haijaadimika hata baa moja. Mara ya sita nikaambiwa nitapigiwa. Bado nasubiri.

Na kosa langu niliseme. Vidonge vilipobaki sita nilianza kumpa kimoja tu, cha usiku, bila kumwuliza mtu, nikidhani nusu ni afadhali kuliko kukosa kabisa. Siku ya tatu akaanguka uani, hatua mbili kutoka kwenye kisima chetu cha maji ya mvua. Alitetemeka kama dakika tatu. Nilikuwa nahesabu kwa simu, maana tumefundishwa zikizidi tano ni kumkimbiza hospitali. Ulimi kauuma. Hakuwa ameanguka tangu akiwa darasa la saba. Kliniki walinigombeza, na walikuwa na haki: kupunguza ghafla ndiko kunakoita kifafa. Mama mmoja tunayekutana naye hapo akanikopesha vidonge 14 vya mwanawe, nesi akavikagua kwanza nguvu na tarehe.

Dawa kuadimika sikulaumuni, huenda hata nyinyi mnaisubiri kwa mwingine. Lakini mngeniambia Desemba kwamba haipo na hamjui itakuja lini, ningerudi kliniki vidonge vikiwa bado vipo nyumbani, daktari akapata nafasi ya kumbadilishia taratibu. Ujumbe wenu wa uongo ndio ulioninyima hizo wiki.

Naomba vidonge vyangu 180, au 27,000 yangu pamoja na nauli ya siku ile, 20,000. Ujumbe wa "imefika" usitumwe mpaka mtu awe ameishika dawa kwa mkono na kuitenga kwa jina la mteja. Na kijana wenu aambiwe kuhusu fenobabitoni, kabla hajampa mwingine asiyejua kukataa. Nisipojibiwa ndani ya siku 14 nitaipeleka barua hii Baraza la Famasi.

Nakala ya stakabadhi, cheti na picha ya ule ujumbe nimeviambatanisha. Namba yangu ya simu iko kwenye stakabadhi. Leo asubuhi vimebaki vidonge sita.

Wenu,
Mama wa mgonjwa