Barua kwa mwanangu: kabla hujaitoa injini ya NZE

Mwanangu Mumbua,

Sisi huku hatujambo, na tumefurahi kusikia mmeshazoea Kasarani. Umeniuliza kama wewe na mumeo mnaweza kuitoa injini ya ile Toyota yenu ya NZE hapo kwenye banda la gari badala ya kuipeleka gereji. Mnaweza. Hiyo 1NZ-FE ni injini ndogo ya lita 1.5, imekaa kikingamo, na boliti zake nyingi ni za spana 10, 12, 14 na 17. Kuinua kwenyewe hakumalizi nusu saa. Kazi ni kutenganisha kila waya, mpira na chuma kinachoifunga kwenye gari, na hapo ndipo siku zenu mbili zitakapoishia. Injini iliyofunguliwa sawasawa huinuka yenyewe kwenye winchi. Ikigoma msiongeze nguvu, maana kuna kitu bado kimeishika.

Lakini hakikisheni kwanza kwamba inahitaji kutoka. Umesema inakula oili na moshi wake ni wa samawati. Pimeni kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa, kwenye silinda zote 4, injini ikiwa na moto na throto (mlango wa hewa) imefunguliwa kabisa. Silinda yenye kipimo cha chini itieni kijiko kimoja cha oili kupitia tundu la plagi, kisha mpime tena. Kipimo kikipanda, ringi zimechoka au zimenasa, na hapo injini itoke. Kisipopanda, tazameni valvu na gasketi ya silinda hedi, vitu ambavyo hufanyiwa kazi bila kuitoa injini. Na kama kompresheni ni nzuri ila moshi unatoka zaidi asubuhi mnapowasha, shukuni sili za valvu. Fundi anayewaambia mtoe injini kabla hajapima anabahatisha na pesa zenu.

Sasa mahali pa kazi. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo watu huumia. Injini na giaboksi vikitoka pamoja, msikadirie chini ya kilo 150. Msifunge cheni bloku (cheni ya kuinulia mizigo) kwenye mbao za paa la banda, hata kama jirani amewahi kufanya hivyo na paa likasimama. Zile mbao zilipigiliwa kubeba mabati na upepo. Kodisheni winchi ya injini yenye magurudumu, au fremu ya chuma yenye miguu minne pamoja na cheni bloku ya tani 1. Mkichukua winchi, angalieni matundu kwenye mkono wake: mkono ukivutwa mbele zaidi, uwezo wake hupungua. Winchi iliyoandikwa tani 2 huwa inabeba nusu tani tu kwenye tundu la mwisho. Nusu tani inawatosha, ila msisome ile namba kubwa ya ubavuni mkadhani ndiyo kila mahali.

Umesema chini ni kabro, yale matofali ya kutandikwa. Kabro hudidimia, na gurudumu dogo la winchi hunasa kwenye mianya yake mzigo ukiwa juu. Tandikeni plaiwudi nene chini ya winchi na kipande kizito cha ubao chini ya kila stendi. Wekeni vigingi kwenye magurudumu ya nyuma, mbele na nyuma ya tairi. Legezeni nati za magurudumu ya mbele gari likiwa bado chini, kisha liinueni na kulikalisha juu ya stendi mbili, kwenye sehemu ngumu ya chasi. Jeki ni ya kuinulia tu, haiachiwi gari. Stendi zikikaa, lisukumeni gari kwa nguvu kutoka ubavuni. Afadhali lianguke saa hiyo kuliko wakati mmoja wenu yuko chini.

Kabla ya spana yoyote, pigeni picha za simu kila upande wa injini, za karibu na za mbali. Kila plagi ya waya mtakayoitoa, bandikeni kipande cha maski tepu kwenye waya na kingine mahali ulipotoka, vyote viandikwe namba moja. Boliti ziwekwe kwenye kartoni iliyochorwa injini juu yake, kila boliti ichomekwe mahali pake. Boliti za Toyota hufanana kichwa zikatofautiana urefu, na ndefu ikiingia kwenye tundu fupi hupasua aluminiamu.

Mafuta ya petroli ndiyo ya kwanza. Mstari wa kwenda kwenye nozo (zinazonyunyizia petroli ndani ya injini) hukaa na shinikizo la karibu bar 3 hata gari likiwa limezimwa. Toeni relei ya pampu ya mafuta, washeni injini mpaka ijizime, kisha ndipo mtoe betri, waya wa hasi ukitangulia. Hata hivyo, mkifungua paipu ya mafuta, funikeni kwa kitambaa na msiwe na moto, sigara wala jiko la makaa karibu. Hapo Kasarani majiko huwashwa uani jioni, kwa hivyo fanyeni hatua hii asubuhi.

Kulanti, yaani maji ya rejeta, imwageni injini ikiwa imepoa kabisa. Oili ya injini ni lita 3.7 pamoja na filta, kwa hivyo beseni la lita 5 linatosha. ATF, yaani oili ya giaboksi ya otomatiki, nayo mwageni sasa, kwa sababu mkichomoa shafti za magurudumu kabla, itamwagika yote kwenye kabro. Oili chafu isipelekwe mtaroni, maana mitaro ya Nairobi huishia mtoni. Tieni kwenye mtungi, wapo wanaoinunua.

Boneti itoke. Chorea bawaba kwa kalamu ya wino usiofutika kabla ya kufungua, la sivyo utapoteza saa nzima kuilinganisha siku ya kurudisha. Kisha toeni kisanduku cha hewa, kikalio cha betri na rejeta pamoja na feni zake. Watu hujaribu kuiacha rejeta ili kuokoa dakika 20, halafu injini ikibembea mara moja inaitoboa. Mirija ya ATF inayoingia kwenye rejeta izibwe kwa plagi safi. Mchanga kidogo tu ndani ya giaboksi ya otomatiki unatosha kuharibu valvu zake.

Kompresa ya AC msiifungue mirija yake. Gesi iliyomo huunguza ngozi na macho kwa baridi, na haifai kuachiwa hewani. Ifungueni kwa boliti zake tu, iwekwe kando na kufungwa kwa waya, isining'inie kwa mipira. Kama gari lenu lina pampu ya stelingi ya oili, nayo ifanyiwe vivyo hivyo.

Plagi za koili na nozo kwenye gari la umri huo zimekaushwa na joto. Kile kiulimi cha plastiki huvunjika ukikivuta kwa kucha. Kisukume ndani kwanza, ukibonyeze, ndipo uvute kwa kushika plagi yenyewe, kamwe si waya. Baada ya koili 4 na nozo 4 bado kuna sensa kadhaa, altaneta, stata, swichi ya oili, na plagi za giaboksi. Vitu vinavyosahaulika zaidi ni waya wa ethi (wa hasi) unaotoka kwenye injini au giaboksi kwenda kwenye bodi, na ule mpira wa hewa wa buster ya breki. Utafuteni waya wa ethi mpaka muupate, hata kama una kutu na unaonekana hauna kazi. Kuna pia mipira miwili ya hita kwenye ukuta wa nyuma. Ikiwa imeganda msiizungushe kwa koleo, ikateni kwa urefu na kuweka mipya, maana mrija wa hita ukipinda ndani ya dashibodi mtaifungua dashibodi nzima.

Chini ya gari, kikwazo ni ekzosti. Boliti mbili zenye springi zinazounganisha paipu ya mbele na manifoldi huwa zimekula kutu. Zipulizieni dawa ya kulainisha kutu usiku wa kuamkia kazi, na mtumie soketi ya pembe 6. Ile ya pembe 12 hula kichwa, na kichwa kikiisha umebaki na drili. Sensa ya oksijeni iwe imechomolewa waya wake kwanza.

Kwenye shafti, mafundi wengi hufungua nati kubwa ya katikati ya gurudumu. Mimi nasema muiache. Fungueni boljointi ya chini kwenye mkono wake, vuteni nako (chuma kinachobeba gurudumu) nje, kisha mchomoe ncha ya ndani ya shafti kutoka kwenye giaboksi kwa mtaimbo mfupi unaosukuma kwenye kikombe chenyewe. Mkiishika shafti katikati na kuvuta, roli za ndani zitatoka kwenye kikombe na mpira utachanika. Waya wa ABS na mpira wa breki visivutike. Shafti zifungwe kwa waya, zisining'inie. Sili za giaboksi pande zote mbili nunueni mpya, bei yake ni ndogo, na kuzirudisha za zamani ni kualika uvujaji. Boljointi mtazirudisha kwa muda baada ya hapo, kwa sababu mkitumia fremu isiyosogea, gari ndilo litakalorudishwa nyuma, na lazima liwe juu ya magurudumu yake.

Kebo ya gia itolewe bila kupindwa. Hapo injini imebaki kwenye maunti tu, vile vishikizo vinavyoifunga kwenye bodi.

Cheni, si kamba. Ifungwe kwenye ndoano za chuma za injini, moja upande wa cheni ya taimingi na nyingine upande wa giaboksi, ili mzigo ukae sawa. Kama ndoano moja haipo, tumieni boliti ya daraja 8.8 iliyoingia uzi wote, na washa nene. Msishike manifoldi ya hewa wala kifuniko cha valvu. Miguu ya cheni isitanuke sana: pembe ya juu, kwenye ndoano ya winchi, ikifika digrii 120, kila mguu unabeba uzito sawa na injini yote. Iwe chini ya 90.

Inueni mpaka cheni ikaze na maunti zilegee uzito, msizidishe. Fungueni maunti ya mbele na ya nyuma kwanza, kisha ya kushoto na kulia. Mmoja awe kwenye winchi, mwingine azunguke na tochi. Inueni sentimita 5, simameni, tazameni pande zote na chini. Sentimita 5 tena, simameni tena. Upande wa giaboksi uachwe chini kidogo ili upande wa puli upite kwenye ukingo wa kulia. Mikono isiingie kati ya injini na bodi, na hakuna kichwa chini ya mzigo, hata kuokota soketi. Injini ikipita juu ya bampa, iteremsheni karibu na ardhi kabla ya kuisukuma winchi. Mzigo ukiwa juu winchi hupinduka kirahisi.

Mkitenganisha giaboksi, kwanza fungueni boliti 6 za tokikonveta (kiungo kinachopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi ya otomatiki) kupitia dirisha dogo, mkizungusha krenki kwa boliti ya puli kufuata mshale wa saa. Tokikonveta ibaki ndani ya giaboksi. Siku ya kurudisha, isukumeni huku mkiizungusha mpaka ikae kabisa, na mpime kwa rula kwamba imeingia ndani ya ukingo wa giaboksi. Giaboksi na injini vikutane kwa mkono, bila pengo, ndipo boliti zikazwe. Anayetumia boliti kuvuta pengo lifungike huvunja pampu ya giaboksi, na hiyo ni hasara kubwa kuliko ya injini yenyewe.

Mkiamua kununua injini iliyotumika kutoka Japani, pale Kirinyaga Road au Industrial Area, waambieni wauzaji wawaonyeshe namba ya injini kabla ya pesa, na mpewe risiti yenye namba hiyo. Namba ya injini iko kwenye logbook yenu (hati ya umiliki wa gari), kwa hivyo mabadiliko lazima yapelekwe NTSA, mamlaka ya usafiri, na bima wajulishwe. Watu hupuuza hili, kisha siku ya kuuza gari au ya ajali namba hazilingani. Ikiwa bado iko chini, badilisheni sili ya nyuma ya krenki, pampu ya maji na termostati. Vitu hivyo ni saa moja leo na siku nzima baadaye.

Siku ya kuwasha, relei ya mafuta iwe nje. Pigeni stata kwa sekunde chache chache, mkipumzika, mpaka taa ya oili izimike, ndipo mrudishe relei. Nati za magurudumu zikazwe Nm 103 (Nm ni kipimo cha mkazo), na boliti ya kumwagia oili Nm 37. Azimeni spana ya kupimia mkazo, msikadirie kwa mkono. Hita iwe imefunguliwa mnapotoa hewa kwenye kulanti, na ATF ipimwe giaboksi ikiwa na moto, injini ikizunguka.

Kabla hamjainua, nitumie picha mbili: moja ya cheni ilivyofungwa na moja ya stendi zilivyokaa. Simu yangu itakuwa wazi siku hiyo yote, msiogope kupiga.

Mama yako