Runinga haitembei, ivutieni waya

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wanaojenga nyumba, hasa ambao bado hawajapiga plasta.

Kazi yangu ni kuvuta nyaya na kufunga runinga. Siku hizi nikimuuliza mwenye nyumba waya wa intaneti wa runinga upite wapi, hunijibu, "Waya wa nini tena, fundi? Si kuna Wi-Fi!" Plasta inapigwa, rangi inapakwa, halafu naitwa: picha inaganda katikati ya mechi.

Hivi karibuni nilikwenda kwa mzee mmoja aliyekuwa ameshauriwa na mtoa huduma wake aongeze kifurushi. Akaongeza, na picha ikazidi kuganda. Ruta yake, yaani kile kifaa kinachorusha Wi-Fi, ilikuwa chumbani, nyuma ya kabati lenye kioo kirefu. Runinga iko sebuleni, ng'ambo ya ukuta wa zege lenye nondo. Kioo kina utando wa chuma mgongoni, na chuma hurudisha mawimbi. Kasi aliyoilipia ilifika yote kwenye ruta, ikapotelea njiani ndani ya nyumba yake mwenyewe. Nilitandaza waya wa muda sakafuni, picha ikatulia papo hapo. Mzee akaniuliza kwa nini hakuna aliyemwambia mapema. Swali lile ndilo lililonifanya niandike.

Picha ya 4K, yaani ile kali sana, huhitaji megabiti 15 hadi 25 hivi kwa sekunde. Si nyingi, lakini lazima zije mfululizo. Wi-Fi hurushwa hasa kwa masafa mawili. Yale ya gigahezi 2.4 hupenya kuta kwa nafuu, ila yana chaneli, yaani njia, tatu tu zisizoingiliana, yaani 1, 6 na 11, na humo wamo majirani wote, Bluetooth, na hata maikrowevu inapopasha chakula. Gigahezi 5 ina nafasi kubwa zaidi, lakini zege huidhoofisha haraka. Waya wa intaneti wa aina ya Cat5e haujui jirani wala ukuta: hubeba gigabiti 1, yaani megabiti 1,000, kwa sekunde hadi mita 100. Tundu la waya kwenye runinga nyingi huishia megabiti 100, na hizo zinatosha na kubaki.

Tena runinga ikiondoka kwenye Wi-Fi, simu za watoto nazo hupumua, maana vifaa vyote vya Wi-Fi hupokezana hewa ile ile. Simu tunatembea nayo, haina budi kutumia mawimbi. Runinga imekazwa ukutani kwa boliti!

Basi kabla ya plasta, lazeni bomba tupu kutoka mahali pa ruta hadi mahali pa runinga, na jingine la kushukia waya wa antena. Liwe pana, kona zisiwe kali, lisichanganywe na nyaya za umeme, na ndani muache kamba ya kuvutia. Waya mtanunua mkipata, lakini uwe wa shaba tupu. Ule wa alumini iliyopakwa shaba hukatika ovyo, na mimi siufungi.

Mpangaji asiyeruhusiwa kutoboa atumie waya bapa pembeni mwa ukuta, au aihamishie ruta sebuleni, juu na mahali pa wazi.

Na ninyi wachora ramani, nawaomba sana: kila mnapochora soketi ya umeme ya runinga, choreni kando yake na tundu la waya wa intaneti.

Fundi wa nyaya na antena