Doriani si tunda la ugenini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji wako aliyeandika kutoka Kuala Lumpur kuhusu doriani, akiliita tunda la ajabu la Wachina lenye harufu ya choo kilichofurika. Pua yake siilaumu. Hata wenyeji hawabishi: treni za Singapore zina alama ya kukataza kuingia nalo, na hoteli nyingi hapa Malaysia nazo hazilitaki vyumbani. Nilipokuwa bwenini, wenzangu wa Dodoma na Singida waliisikia harufu ile wakakimbilia kukagua mtungi wa gesi.

Lakini la ajabu kwa nani? Mimi ni mtu wa Dole, Unguja. Doriani nimezaliwa nimelikuta. Msimu ukifika, pale sokoni Darajani, mjini Unguja, linakupokea kabla hujamwona muuzaji. Angepanda boti pale Dar es Salaam angelipata, tena bila viza.

Mimi kilichonishangaza huku ni heshima linayopewa. Naishi Penang. Upande wa Balik Pulau wakulima hutandaza nyavu chini ya miti, kwenye miteremko, wakingoja tunda lidondoke lenyewe. Asubuhi liko gengeni. Muuzaji anakuuliza kwanza: tamu au chungu? (Wazee wa hapa wanapenda lenye uchungu, mimi bado sijafika huko.) Analipima kwa kilo, analipasua mbele yako, na likiwa limeharibika anakupa jingine bila maneno. Ukimaliza, unatia maji ndani ya ganda lake unanawia humo. Wanasema hukata harufu mikononi.

Na kila aina inayosifika ina namba yake katika daftari la Idara ya Kilimo ya huku. D24 iliandikishwa 1937. D197, ndiyo hiyo Musang King wanayoigombania Wachina, 1993. Zamani China ikiyapokea ya Malaysia yaliyogandishwa tu. Tangu 2024 Malaysia imeruhusiwa kuyapeleka mabichi.

Sisi je? Doriani ni doriani. Bei ni ukubwa wake na ulimi wa muuzaji. Kwetu kuna mti unaozaa nyama ya njano iliyokolea, kokwa zake ndogo, na majirani wakija huulizia “la mti wa bibi”. Jina lake limeishia hapo uani. Siku shamba likikatwa viwanja, mti huo utakwenda na msumeno na hakuna atakayejua kilichopotea.

Ndiyo maana nawaomba wataalamu wa Taasisi ya Utafiti wa Kilimo kule Kizimbani, kama hawajaanza, wapite mashambani wawaulize wazee miti gani inasifika, waipe majina, wabebeshe vikonyo vyake kwenye miche. Kutoka Kizimbani hadi Dole si safari ya kuombea posho. Mti wa bibi uko nyuma ya kisima. Waje hata kesho, kaka yangu atawafungulia.

Mzaliwa wa Dole,
Penang, Malaysia