Taarifa ya mwenyekiti kwa mkutano mkuu wa mwaka: nani amehesabiwa, na kwa jina la nani

Ndugu wanachama,

Assalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe.

Tangu tulipokutana mara ya mwisho tumewazika wenzetu kadhaa. Katibu atayasoma majina yao na tutasimama. Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina, kwa hiyo mimi nitasema jambo moja tu: michango ya mazishi inaingia vizuri, ada ya mwaka haiingii. Kumchangia maiti tuko tayari, lakini kumchangia nauli mjane aliye hai aende ofisi ya ardhi kufuatilia kiwanja chake kila mtu anatazama pembeni. Nasema hivi kwa sababu mwaka huu kazi yetu kubwa ilikuwa hiyo hiyo ya nauli na kufuatilia.

Wanachama wapya ni wengi, basi nianzie nyuma kidogo. Chama hiki kilianzishwa na watu waliotoka Bonde la Msimbazi baada ya mafuriko ya Desemba 2011, yaliyoua watu wapatao 40 hapa Dar es Salaam. Serikali ikatugawia viwanja Mabwepande, kilomita takriban 30 kutoka mjini, tukaanzia kwenye mahema. Waliobaki bondeni, au waliorudi, walikutana na bomoabomoa ya Desemba 2015, kisha maji ya Aprili 2018. Mvua za El Niño za 2024 kila mmoja anazikumbuka. Mwezi Aprili mwaka huo Waziri Mkuu alitangaza kuwa watu 155 wamekufa nchi nzima.

Halafu ukaja Mradi wa Uendelezaji wa Bonde la Msimbazi. Septemba 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200, Hispania na Uholanzi nazo zikaweka fedha zao, na TARURA, wakala wa serikali wa barabara za vijijini na mijini, ndiyo inayotekeleza. Mpango wake ni mto kupanuliwa na kuchimbwa, Jangwani kujengwa daraja jipya, karakana ya mabasi ya mwendokasi kuhamishwa, na sehemu ya chini ya bonde kugeuzwa bustani ya jiji. Ili hayo yafanyike watu wahame. Msimamo wa chama haujabadilika: hatupingi kuhama. Aliyewahi kulala juu ya bati na watoto huku magodoro yanaelea sebuleni hahitaji mtaalamu wa kumweleza kuwa pale si mahali pa kulea. Tunachouliza ni nani anahesabiwa kuwa alikuwepo, na kwa jina la nani.

Hapa naomba mnivumilie, kwa sababu maswali mengi mliyoniletea yanatoka hapa. Sheria ya Ardhi ya 1999 inaweka ardhi iliyo ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto katika fungu la ardhi inayoweza kutangazwa kuwa hatarishi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 nayo inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita hizo. Hata leseni ya makazi, ile karatasi ambayo wengine mliipata kwingine mjini, kwa sheria haitolewi kwenye ardhi hatarishi. Ndiyo maana wengi wa bondeni mna mkataba wa mauziano wenye muhuri wa serikali ya mtaa na hamna kingine. Wakati huo huo umeme ulivutwa, maji yalivutwa, kodi ya majengo ilipokelewa na risiti mnazo. Mimi naona huo ni unafiki, na nimesema hivyo kwenye kila kikao nilichoalikwa.

Masharti ya Benki ya Dunia kuhusu kuhamisha watu yana nafuu kidogo. Asiye na haki ya ardhi inayotambulika kisheria hafidiwi ardhi, lakini lazima afidiwe nyumba yake na kila alichojenga au kupanda, na asaidiwe kuhama. Kwa hiyo ukisikia jirani mwenye nyumba ya ukubwa kama wako amepata zaidi, usikimbilie kusema ametoa rushwa. Kwanza ulizeni karatasi zake zilikuwaje. Rushwa, kama ipo, ileteni na ushahidi, tutaipeleka panapohusika.

Kwa ambao tathmini imepita na hela haijaonekana: Sheria ya Uthamini ya 2016 inataka fidia ilipwe ndani ya miezi sita baada ya uthamini kuidhinishwa. Ikichelewa inadaiwa riba, na uthamini ukikaa miaka miwili bila malipo unakufa, lazima ufanywe upya. Tunzeni nakala ya fomu ya uthamini. Picha ya kwenye simu haitoshi, maana simu zinaibwa.

Sasa jina. Kamati ya wanawake ilipita nyumba kwa nyumba mwaka huu na kukuta jambo lililonisumbua kuliko yote. Fomu nyingi zina jina la baba peke yake, hata pale ambapo mama ndiye aliyenunua matofali kwa hela ya mama lishe Kariakoo. Baba akifariki, ndugu zake wanatoka mkoani na fomu hiyo ndiyo wanayoishika. Akiwa hai, anaweza kuchukua hela akaanza maisha mengine Chanika. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inamkataza mwenzi mmoja kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Akina baba, msinikasirikie. Akina mama, kama jina lako halimo, kaandikishe pingamizi mapema, kabla hela haijaingia benki. Fedha ikishatoka, kesi inakuwa ya kumtafuta mtu.

Pili, wapangaji. Nyumba ya bondeni ya vyumba sita ilikuwa na familia sita. Mwaka 2011 kiwanja kilikwenda kwa mwenye nyumba, na familia tano zikatafuta chumba kingine, mara nyingi hatua mia mbili kutoka pale pale kwa sababu ndipo kodi ilipokuwa rahisi. Mafuriko yaliyofuata yakawakuta. Ukihamisha nyumba ukaacha wapangaji, hujawatoa watu kwenye maji. Katiba yetu nayo inamtambua "mwenye nyumba" tu. Kamati kuu inapendekeza kifungu hicho kibadilishwe ili mpangaji aliyekaa bondeni awe mwanachama kamili mwenye kura. Najua kuna wazee humu hawataki, wanahofia fidia itagawanywa. Haitagawanywa: msaada wa mpangaji kuhama ni fungu lake, hautoki kwenye nyumba yako.

Kwa wa Mabwepande nitasema machache. Kupewa kiwanja hakujamaliza shughuli. Asiye na hati bado ana ahadi tu, na mwenye hati asiyelipa kodi ya pango la ardhi anajitafutia ilani ya kufutiwa miliki. Mwaka huu tumewasindikiza wanachama kutafuta bikoni, yaani alama za mipaka ya viwanja, zilizofukiwa na kulinganisha ramani na hali halisi. Tulipokuta nyumba imekaa juu ya mpaka wa jirani tulisuluhisha wenyewe, na hakuna shauri lililofika baraza la ardhi. Kuhusu waliouza viwanja wakarudi mjini, siwalaumu kama baadhi yenu mnavyowalaumu. Mtu ambaye riziki yake iko machinjio ya Vingunguti au mitumba ya Karume, nauli ya kwenda na kurudi kila siku ilikuwa inamla. Mipango miji inayompa mtu paa na kumtenga na kazi yake itamrudisha bondeni hata ukimwekea askari.

Jambo la mwisho ni la haraka. Waliopata fidia wananunua viwanja pembezoni kwa madalali, na tumeanza kuona wengine wananunua kando ya mito ya Mzinga na Tegeta na vijito vya juu vya Msimbazi wenyewe, kwa sababu kiangazi pale ni pakavu na bei ni poa. Kabla hujatoa hela, nenda ofisi ya mipango miji ya manispaa uulize eneo limepangiwa matumizi gani, kisha waulize wakazi wa zamani maji ya masika hupita wapi. Ile asilimia 10 ya kumpa kiongozi wa mtaa ili ashuhudie mauziano haimo kwenye sheria yoyote. Ukidaiwa, omba risiti uone atakavyokutazama.

Mwakani kamati inataka kufanya sensa yetu wenyewe ya kila aliyekaa bondeni: mume, mke, mpangaji, aliyefiwa na mzazi aliyekuwa mmiliki, kila mmoja na karatasi zake. Wathamini wakija tena tuwe na orodha yetu mezani kabla hawajafungua ya kwao. Vijana wenye simu nzuri na mwandiko unaosomeka wajiandikishe kwa katibu leo kabla ya chakula, na kura ya kifungu cha wapangaji tutaipiga mara baada ya mweka hazina kumaliza.

Mwenyekiti