Barua kutoka Phoenix

Phoenix, Arizona

Mpendwa Neema,

Salamu nyingi, mwambie na mama shikamoo. Sisi huku hatujambo. Uliniuliza kwenye simu kama jangwani kuna cha kutazama zaidi ya mchanga. Kipo, shoga, tena kingi.

Hapa mjini kuna Desert Botanical Garden, bustani ya mimea ya jangwani iliyofunguliwa mwaka 1939. Ninaoupenda kuliko yote ni saguaro, kaktasi inayopita urefu wa nyumba ya ghorofa. Ukiuona utadhani ni ndugu wa minyaa ya kwenu Shinyanga, lakini hawana undugu: mnyaa ukikatwa hutoa utomvu mweupe unaounguza macho, huu hauna. Shina lake lina mikunjo toka chini hadi juu. Mvua ikinyesha hunywa maji, mikunjo inatanuka. Ukame ukizidi, inanywea mpaka unaona mbavu.

Na jinsi unavyokua taratibu! Miaka 8 ya kwanza hauzidi sentimita 4, umejibanza chini ya kivuli cha mti mwingine. Tawi la kwanza mara nyingi huota baada ya miaka 50 au zaidi.

Ndiyo maana kiangazi cha 2023 kiliniuma sana. Siku 31 mfululizo joto lilifika nyuzi 43 au kupita. Saguaro zilikatika matawi, nyingine zikaanguka mzimamzima. Kumbe shida haikuwa jua la mchana peke yake. Saguaro hufungua vitundu vyake usiku ili kuvuta hewa ya ukaa bila kupoteza maji mengi. Usiku usipopoa, mmea unakosa nafasi hiyo, unadhoofika ukiwa bado umesimama. Mmea wenye umri wa bibi zetu, Neema, unakufa kwa sababu usiku umekuwa wa moto!

Pale bustanini wataalamu wanafuatilia zipi zinahimili joto, na mbegu za mimea ya jangwani wanazihifadhi kwenye majokofu. Kazi hiyo naiheshimu mno, maana atakayepanda leo hatauona mti wake ukitoa tawi.

Safari yako ukiweza ipange mwezi Mei. Ndipo saguaro huchanua: maua meupe yanafunguka usiku, popo wanakuja kunywa asali yake, na kesho yake mchana yanafumba kabisa. Njoo na kofia pana, na viatu vya kufunika vidole, maana miiba huku haichagui mgeni.

Nijibu upesi.

Rafiki yako,
Rehema