Tuliacha saluni ya umeme tukachukua krosova: wanunuzi waambiwe hesabu yote

Kwako Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo lililonigharimu fedha na usingizi, nikiamini kwamba litawafaa wasomaji wanaofikiria kununua gari la umeme, hasa wale ambao jamaa zao walioko Uingereza huwaagizia magari. Mimi ni muuguzi, mzaliwa wa Mombasa, na ninaishi Leicester pamoja na mume wangu, watoto wetu wawili na, kwa miezi kadhaa kila mwaka, mama yangu mzazi. Mwaka 2023 tulinunua saluni ya umeme aina ya Hyundai Ioniq 6. Miaka miwili baadaye tuliiuza, tukachukua krosova, yaani gari lililoinuka kuliko saluni, ya kampuni hiyohiyo, Ioniq 5, iliyokuwa imetumika. Watu wengi wameniuliza kwa nini tuliachana na gari zuri vile, na kila ninapojibu kwa neno moja, kwamba tulitafuta nafasi, naona nimewapotosha.

Saluni ile haikuwa na kosa. Ilichongwa kwa ajili ya kupasua hewa, na kipimo chake cha upinzani wa hewa ni 0.21, ambacho ni miongoni mwa vipimo vya chini kabisa kwa magari yanayouzwa kwa watu wa kawaida. Umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ni milimita 2,950, kwa hiyo aliyeketi nyuma alinyoosha miguu kama yuko sebuleni. Nilipotoka zamu ya usiku nikiwa sina nguvu hata ya kusikiliza redio, utulivu wake barabarani ulinipumzisha kabla sijafika nyumbani. Ninayaandika haya kwa sababu nimesikia watu wakidai kwamba saluni za umeme ni finyu, na anayesema hivyo hajakaa katika kiti cha nyuma cha gari lile na kutazama magoti yake.

Ufinyu ulikuwa kwenye kimo. Betri ya gari la umeme hulazwa chini ya sakafu, ikatandazwa kutoka ekseli moja hadi nyingine, na kwa sababu hiyo sakafu hupanda. Katika saluni, paa nalo hulazimika kuteremka kuelekea nyuma ili hewa iteleze bila kuvurugika. Abiria wa nyuma hubaki katikati ya hayo mawili: sakafu imempandisha magoti hadi mapaja hayakai sawasawa juu ya kiti, na dari imemshukia kichwani. Mtoto wa miaka saba hatambui lolote. Mtu mzima mrefu hutambua baada ya nusu saa, na mzee mwenye nyonga iliyofanyiwa upasuaji hutambua kabla hata hajaketi, kwa kuwa ni lazima ainamishe kichwa, ajitupe chini, kisha avute miguu ndani. Mama yangu ni huyo mzee. Hakulalamika hata siku moja, ila nilianza kuona kwamba kila nikimwambia twende sokoni, anajibu kwamba hana haja ya kitu.

Siku iliyotufungua macho ilikuwa siku ya kumpokea kwenye uwanja wa ndege wa Heathrow, London. Alikuja na masanduku mawili ya kilo 23, kiti chake cha magurudumu kinachokunjwa, na kikapu cha ukili alichokipakata tangu Mombasa chenye halua na achari ya maembe. Kwenye karatasi, buti ya saluni yetu ilikuwa na lita 401, na mizigo ile ingeenea. Lakini mizigo haiingii butini kwa hesabu ya lita. Huingia kwa mdomo wa buti, na mdomo wa buti ya saluni ni mwembamba kwa sababu kioo cha nyuma kimeshuka hadi karibu na ukingo wake. Tulikigeuza kiti kile kila upande. Tuliyatoa masanduku, tukatanguliza kiti, tukayarudisha masanduku, na bado gurudumu moja likabaki nje. Mwishowe mume wangu alikodi teksi kwa ajili ya mizigo peke yake, kwa safari ya zaidi ya maili 100, huku mama akirudia kutuomba radhi, kana kwamba kosa lilikuwa lake. Usiku ule niliamua kwamba tutabadilisha gari.

Tulipoanza kutafuta, nilidhani tutahitaji gari refu zaidi, na jambo hilo lilinitia hofu kwa sababu saluni yenyewe ilikuwa na urefu wa milimita 4,855 ilhali nafasi ya kawaida ya kuegesha magari hapa Uingereza ni mita 4.8. Nilishangaa kukuta kwamba Ioniq 5 ni fupi kuliko saluni ile kwa sentimita 22, kwani urefu wake ni milimita 4,635, na hata hivyo umbali kati ya ekseli zake ni mita 3 kamili. Magurudumu yamesukumwa pembeni, pua na mkia vimepunguzwa, na paa limeinuliwa kwa sentimita 11. Sentimita hizo 11 ndizo zilizotubadilishia maisha. Buti ina lita 527, mlango wa nyuma hufunguka pamoja na kioo chake, na viti vya nyuma huteleza mbele na nyuma kwa sentimita 13 na nusu, kwa hiyo tunaweza kuamua kila safari kama nafasi iende kwa miguu au kwa mizigo. Kiti cha magurudumu huingia kikiwa kimesimama. Mama hufungua mlango, hugeuka, huketi kama anavyoketi kwenye kiti cha jikoni, kisha huingiza miguu. Sasa yeye ndiye anayeuliza tutatoka saa ngapi.

Laiti ningeishia hapa, barua hii ingekuwa tangazo la biashara. Muuzaji mmoja tuliyemwendea, ambaye sitamtaja, alituhakikishia kwamba tusiwe na wasiwasi kuhusu umbali wa kwenda kwa chaji moja kwa kuwa betri ni ileile, na kwamba betri ileile hukufikisha umbali uleule. Nusu ya kwanza ya maneno yake ilikuwa kweli. Magari yale mawili, ya miaka ile, yalitumia betri ileile ya kilowati-saa 77.4, yalijengwa juu ya msingi uleule, na uzito wake haukupishana sana. Lakini katika kipimo rasmi cha Ulaya, saluni yenye betri hiyo na mota moja ya nyuma iliandikiwa kilomita 614, na krosova ya namna hiyohiyo kilomita 507. Zimepotea kilomita 107, karibu sehemu moja ya sita, na hakuna aliyeziiba ila hewa.

Kipimo cha upinzani wa hewa cha Ioniq 5 ni 0.288, na kifua chake kinachokutana na upepo ni kipana na kirefu zaidi. Nguvu ya hewa inayozuia gari huongezeka kwa mraba wa mwendo: ukiongeza mwendo mara mbili, kizuizi huongezeka mara nne. Ndiyo maana mjini, kwa mwendo wa kilomita 40 au 50 kwa saa, sikuona tofauti kubwa kati ya magari haya, ilhali kwenye barabara kuu ya M1 tofauti ilijitokeza siku ya kwanza. Anayetazama ukubwa wa betri peke yake ni sawa na anayeuliza ukubwa wa mtungi bila kuuliza upana wa tundu lake.

Tangu tubadilishe, nimekuwa nikiandika matumizi yetu kwenye daftari. Saluni ilitupa wastani wa maili 4.2 kwa kila yuniti ya umeme, yaani kilowati-saa moja. Krosova inatupa 3.5. Kwa maili 10,000 kwa mwaka, tofauti hiyo ni takriban yuniti 476. Sisi tuna bahati ya kuwa na maegesho nyumbani na mkataba wa umeme wa usiku wa peni 7 kwa yuniti, kwa hiyo nafasi tuliyoipata inatugharimu takriban pauni 33 kwa mwaka, fedha ambazo ningezilipa mara kumi kwa ajili ya nyonga ya mama. Lakini mwenzangu kazini, anayeishi kwenye ghorofa na kutegemea vituo vya kuchaji haraka ambako amezoea kulipa peni 79, angelipa pauni 376 zaidi kwa mabadiliko hayohayo. Sheria nayo imemzidishia mzigo, kwa sababu umeme wa nyumbani hutozwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 5, na ule wa vituo vya umma asilimia 20. Kodi ya barabara, ambayo magari ya umeme yalianza kulipa tarehe 1 Aprili 2025 kwa kiwango cha pauni 195, haikubagua kati ya saluni yetu na krosova. Kwa hiyo swali la kwanza la mtu anayetaka kuhamia gari lenye nafasi zaidi lapaswa kuwa hili: utachaji wapi?

Sasa nije kwa wasomaji wa nyumbani. Kenya hairuhusu kuingiza magari yaliyotumika zaidi ya miaka minane, na usukani lazima uwe upande wa kulia, kwa hiyo magari haya ya Uingereza ya mwaka 2022 na 2023 yanawafaa waagizaji, na nina hakika yatazidi kuonekana barabarani. Habari njema zipo. Umeme mwingi wa Kenya hutokana na mvuke wa ardhini wa Olkaria, maji na upepo, na mwaka 2023 kulianzishwa bei maalumu ya umeme wa kuchajia vyombo vya usafiri, shilingi 16 kwa yuniti kwa saa za kawaida na shilingi 8 kwa saa zisizo na matumizi makubwa, kabla ya tozo na kodi. Hata hivyo, ningependa wanunuzi wasidanganywe na neno krosova. Tumezoea kuamini kwamba gari lililoinuka ni gari la kukabiliana na barabara mbovu, na wauzaji wanaijua imani yetu hiyo.

Nafasi kati ya tumbo la Ioniq 5 na ardhi ni milimita 160 hivi. Si nyingi, na tatizo halipo kwenye milimita hizo peke yake. Gari ambalo magurudumu yake yameachana kwa mita 3 likipanda tuta lililoinuka sana na jembamba, kama yale tunayojengewa mbele ya shule na vijijini, tumbo lake hushuka juu ya tuta kabla magurudumu ya nyuma hayajaanza kupanda. Na tumboni ndiko iliko betri, kitu cha gharama kubwa kuliko vyote garini. Urefu ule unaomfurahisha abiria wa nyuma ndio unaoweza kumliza mwenye gari.

Kuhusu safari ya Mombasa hadi Nairobi, ambayo kila ndugu yangu huniuliza, ni takriban kilomita 480 na mtu hupanda kutoka usawa wa bahari hadi zaidi ya mita 1,600. Kwa hesabu yangu, kuinua gari la tani mbili hadi kimo hicho hula yuniti 9 au 10 hata kabla ya kuhesabu hewa na tairi. Mlima hauchagui umbo, saluni na krosova hulipa sawasawa. Hewa ndiyo inayochagua. Mwenye saluni anaweza kuijaribu safari hiyo kwa matumaini akienda polepole, lakini mwenye krosova apange mapema mahali pa kuchaji njiani, na ahakikishe kwamba tundu la gari lake linaoana na kituo, maana magari ya umeme ya Uingereza kama letu hutumia tundu la CCS2, na yale yanayotoka Japani kama Nissan Leaf hutumia CHAdeMO.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni kwamba kurasa zenu zinapoandika kuhusu magari ya umeme zisitosheke na ukubwa wa betri na bei. Wasomaji wapewe urefu wa tumbo la gari kutoka ardhini, umbali kati ya ekseli, upana wa mdomo wa buti na matumizi ya umeme kwa mwendo wa barabara kuu. Hizo ndizo namba ambazo hatukuuliza tuliponunua saluni, na nusura tusiulize tena tulipoiacha.

Kaka yangu anayeishi Kisauni amenipigia simu mara mbili akitaka tumtafutie krosova kama yetu, na fedha amekwisha kuziweka tayari. Nimemwomba kwanza achukue futi, aende kwenye lile tuta lililo mbele ya nyumba yao, alipime kimo na upana, kisha anitumie vipimo. Bado ninamsubiri.

Wako mwaminifu,
Msomaji wenu, Leicester, Uingereza