Shukrani kwa mama wa mitumba, Soko la Memorial, Moshi

Shikamoo mama. Jina lako sikuliuliza, na niliporudi kukutafuta nilikuta meza yako ina mtu mwingine. Basi nakushukuru hapa hadharani.

Mimi ni yule binti wa hijabu, mwanachuo wa ualimu, niliyekuambia naenda Ufini kwa mazoezi ya kufundisha. Uliacha wateja wako ukafukua belo mpaka ukapata koti refu, linalopita magoti. Ukanifundisha wanavyovaa wapagazi wa Mlima Kilimanjaro: nguo ya kubana ndani, sufu katikati, la kuzuia upepo juu. Rozari iko shingoni mwako, lakini hukuniletea hata nguo moja isiyo na stara. Skafu ya sufu ulinipa bure, pana ya kutosha kujitanda.

Mama, kule mwalimu wa zamu anasimama uwanjani na watoto wakati wa mapumziko, theluji au si theluji. Nilisimama nao na sikutetemeka. Desemba jua la Helsinki huzama kama saa tisa na robo alasiri, hivyo Adhuhuri, Alasiri na Magharibi zinafuatana mbiombio. Koti lako lilikuwa pia mswala wangu, nikilitandika pembeni ya darasa tupu. Watoto walipenda ile skafu, wakaniuliza imetoka wapi. Niliwachorea Kilimanjaro ubaoni, na soko chini yake.

Mungu akuzidishie riziki, mama. Anayejua ulikohamia anielekeze, nije nikusalimie.